Kiswahili Tukipe Bendera Gani? Mwongozo Kamili wa Kupanga Kitufe cha Lugha

Miaka kadhaa iliyopita nilisaidia kutengeneza tovuti ndogo ya mafunzo ya malezi ya watoto. Kurasa zote zilikuwa kwa lugha mbili. Juu, upande wa kulia, niliweka vibendera viwili vya kubonyeza ili kubadili lugha: cha Tanzania kwa Kiswahili, cha Uingereza kwa Kiingereza. Vilipendeza macho na hakuna aliyelalamika, mpaka mama mmoja wa Bukavu alipotuandikia kuuliza kama maelezo yale ya kunyonyesha yanawafaa na watu wa Kongo, au ni ya Watanzania peke yao. Barua yake ilikuwa ya Kiswahili kizuri. Alikuwa ameelewa kila neno la ukurasa, ila kile kibendera kilimfanya ajione mgeni ndani ya lugha yake mwenyewe.

Barua ile iliniingia moyoni. Tangu siku hiyo sijaweka tena bendera mahali pa jina la lugha, na kila ninapoombwa ushauri na watu wanaoanza tovuti, programu ya simu, au hata kipeperushi cha hoteli, nalirudia jambo hilo hilo. Hapa nimeandika hatua zote kama ninavyozifuata, pamoja na sababu zake, kwa sababu mtu asiyejua sababu hurudia bendera pindi bosi wake anapomwambia "weka kitu chenye rangi".

Bendera inakwama wapi

Tuanze na Kiswahili chenyewe, maana sijui mfano bora kuliko huo. Mtu wa Dar es Salaam akiona kijani, nyeusi na bluu hashangai. Kwake Kiswahili ni shule ya msingi, ni Bunge, ni soko la Kariakoo. Lakini Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inakihesabu kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba cha Kasai. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Uganda ilikiingiza katika Katiba kama lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya 2005. Huko Barawa, Somalia, kuna Chimwini, ambayo ni ndugu wa damu wa lahaja zetu za kaskazini. Na ukifika Muscat utawakuta wazee waliokulia Unguja wakisalimiana "shikamoo" na "marahaba" sebuleni kwao.

Hata Kiswahili sanifu hakikutoka katika nchi moja. Msingi wake ni Kiunguja, na kamati iliyoanza kazi ya kukisanifisha mwaka 1930 iliunganisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, wakati ambapo hakuna hata moja kati ya bendera za leo iliyokuwa imeshonwa. Ya Uganda ni ya 1962, ya Kenya ni ya 1963, ya Tanzania ni ya 1964. Lugha ilizitangulia zote kwa karne nyingi.

Wapo wanaopendekeza bendera ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa kuwa Kiswahili ni lugha rasmi ya jumuiya hiyo tangu 2021. Nimelifikiria hilo kwa muda mrefu na naliona halifai. Kiingereza nacho ni lugha rasmi ya jumuiya hiyo hiyo, kwa hiyo bendera yake haimsaidii mtu kutofautisha lugha moja na nyingine. Isitoshe, ikipunguzwa hadi ukubwa wa ukucha hakuna anayeitambua.

Sasa geuza upande wa pili. Nchi moja hubeba lugha nyingi. Tanzania ina zaidi ya lugha mia moja. Ukiongeza kurasa za Kisukuma au Kihaya utazipa bendera ipi, na Kiswahili utakipa ipi? Kimaasai kinavuka mpaka wa Kenya na Tanzania bila kusimama Namanga. Uswisi ina lugha nne za taifa na bendera moja. Afrika Kusini ina lugha rasmi 12, ya mwisho ikiwa lugha yake ya alama iliyoongezwa mwaka 2023.

Kwa lugha nyingine nitapita haraka. Kireno: Brazili ina watu zaidi ya milioni 200, Ureno ina takriban milioni 10, na katikati wapo watu wa Msumbiji na Angola ambao hawaoni bendera yao popote. Kihispania: wasemaji wengi zaidi wako Meksiko, lakini kibendera huwa cha Hispania. Kiarabu ni lugha rasmi ya nchi zaidi ya 20, na wengi huchagua bendera ya Saudi Arabia bila kukumbuka kwamba ile imeandikwa shahada. Mwislamu anapoiona imebanwa chini ya ukurasa kando ya tangazo, au imechapishwa kwenye kifungashio kitakachotupwa jalalani, ana haki ya kukereka. Kwa Kichina, kuchagua kati ya bendera ya Beijing na ya Taipei ni kuingia katika ugomvi wa kisiasa ambao tovuti yako ya kuuza viungo haikuukusudia.

Lugha za alama ndizo zinazoonyesha tatizo hili waziwazi kuliko zote. Uingereza na Marekani wanazungumza Kiingereza, lakini lugha za alama za viziwi wao ni tofauti kabisa, mmoja hamwelewi mwenzake. Hapa kwetu Kenya ina Lugha ya Alama ya Kenya, iliyotajwa katika Katiba kama lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza, na Tanzania ina yake. Ukibandika bendera ya Kenya, mtu atajuaje umemaanisha ipi kati ya hizo tatu?

Hatua ya 1: Tenganisha nchi na lugha kabla hujachora chochote

Chukua karatasi, uikunje katikati. Upande mmoja andika mambo yanayobadilika kwa sababu ya nchi: sarafu, bei, kodi, namba ya msimbo wa simu, gharama za kusafirisha mzigo, sheria, ofisi ya karibu. Upande wa pili andika yanayobadilika kwa sababu ya lugha: maneno ya kurasa, sauti, manukuu ya video, barua pepe unazotuma.

Karatasi hiyo ikijaa utagundua kwamba mara nyingi unahitaji vitufe viwili, wala si kimoja. Mkenya wa Kisumu anaweza kutaka bei kwa shilingi za Kenya na maelezo kwa Kiingereza. Mkongo wa Goma anaweza kulipa kwa dola na kusoma Kiswahili. Mtanzania anayeishi Muscat anataka mzigo ufike Oman, lakini asome kwa lugha aliyokua nayo. Ukiwafungia watu hawa wote katika bendera moja, kila mmoja atapoteza kitu.

Kwenye kitufe cha nchi, bendera ina kazi halali na naitumia bila wasiwasi. Orodha ya misimbo ya simu ni mahali pake: Tanzania +255, Kenya +254, Uganda +256, Rwanda +250, Burundi +257, Kongo +243, Oman +968. Bendera kando ya namba hizi inaharakisha jicho, kwa sababu hapo mtu anatafuta nchi kweli. Hata hivyo jina la nchi liandikwe. Bendera ya Ireland na ya Ivory Coast zina rangi zile zile kwa mpangilio uliogeuzwa. Ya Indonesia na ya Monako karibu hazitofautiani. Ya Chad na ya Romania vivyo hivyo.

Hatua ya 2: Andika jina la lugha kama wenyewe wanavyoliita

Hii ndiyo hatua yenyewe, na kama utafuata moja tu basi ifuate hii. Mtu anayetafuta Kifaransa hatafuti neno "Kifaransa". Anatafuta Français. Anayetafuta Kiarabu anatafuta العربية, na jicho lake litaikamata kabla hajasoma chochote kingine. Anayetafuta Kiingereza anatafuta English. Na sisi tuandikwe Kiswahili, si "Swahili", wala si "Swahili (Tanzania)" pale ambapo hakuna toleo la pili la kulitofautisha na hilo.

Wenzetu wengi wametuandika "Swahili" kwenye orodha zao kwa kuwa ndivyo Kiingereza kinavyoita, na matokeo yake mtu anashuka mpaka herufi S akitafuta jina lake lililopaswa kuwa kwenye K. Ukiona hivyo mahali, waandikie. Ni marekebisho ya dakika moja na hulipwi kitu, lakini mimi huona fahari kila neno hilo linapokaa sawa.

Kwa lugha nyingine za kwetu, usibahatishe. Waganda husema Luganda. Wanyarwanda husema Ikinyarwanda, ingawa Kinyarwanda nalo limezoeleka kwenye orodha nyingi. Warundi husema Ikirundi au Kirundi. Muulize msemaji mwenyewe, tena aliyezoea kuandika, maana tahajia nayo ina mambo yake.

Je, ukiwa na matoleo mawili ya Kiswahili? Wapo wanaoyahitaji kweli. Kenya wana kaunti, Tanzania wana mikoa na wilaya. Vitabu vya Kenya vinasema tarakilishi, runinga na arafa pale ambapo Mtanzania atasema kompyuta, televisheni na ujumbe mfupi. Kama umetafsiri mara mbili, andika "Kiswahili – Kenya" na "Kiswahili – Tanzania". Jina la nchi linatosha, na bendera haitaongeza maana. Lakini jiulize kwanza kama tofauti hizo zinadai kazi mara mbili. Kwa kurasa nyingi hazidai: Kiswahili sanifu kilichoandikwa kwa uangalifu kinasomeka Lamu, Lindi na Lubumbashi.

Hatua ya 3: Tumia msimbo sahihi, na usiuchanganye na msimbo wa nchi

Hapa mafundi wengi huteleza, hata walio hodari. Kuna orodha mbili za kimataifa za herufi mbili mbili. Ya kwanza, ISO 639, ni ya lugha: Kiswahili ni sw, Kiingereza ni en, Kifaransa ni fr, Kiarabu ni ar. Ya pili, ISO 3166, ni ya nchi: Tanzania ni TZ, Kenya ni KE, Kongo ya Kinshasa ni CD. Orodha hizi zilitungwa kwa makusudi tofauti na hazikuahidi kufanana.

Sasa fundi anaandika programu fupi inayochukua msimbo wa lugha na kuugeuza kuwa bendera moja kwa moja. Tazama kinachotokea. Kiarabu, ar, kinapata bendera ya Ajentina, maana AR ni Ajentina. Kiamhari, am, kinapata ya Armenia. Kioromo, om, kinapata ya Oman. Gikuyu, ki, kinapata ya Kiribati, visiwa vilivyo katikati ya Bahari ya Pasifiki. Kiswidi ni sv, na SV ni El Salvador. Kiswahili hakipati chochote, kwa sababu hakuna nchi yenye SW katika orodha hiyo. Mahali pa bendera panabaki herufi mbili za ajabu au kisanduku kitupu.

Emoji za bendera zina tatizo la ziada. Bendera ya Tanzania katika emoji ni alama mbili zilizofichwa, T na Z, ambazo simu huziunganisha na kuchora picha. Windows haichori picha hiyo. Kwenye kompyuta nyingi za ofisini, mtu akifungua ukurasa wako kwa Chrome ataona "TZ" na "GB" mahali ulipodhani kuna rangi. Nimekutana na watu waliokaa miezi bila kujua jambo hili, kwa kuwa wao walikuwa wakitazama kwa simu tu.

Unapohitaji kutaja lugha pamoja na mahali, viunganishe kwa kistari: sw-TZ, sw-KE, sw-UG, sw-CD. Lugha hutangulia, nchi hufuata. Wataalamu wa lugha wanatumia pia misimbo ya herufi tatu, swh kwa Kiswahili cha pwani na Afrika Mashariki na swc kwa Kiswahili cha Kongo, lakini kwa tovuti ya kawaida sw inatosha.

Hatua ya 4: Chagua umbo na mahali pa kitufe

Kama lugha zako hazizidi nne, usizifiche ndani ya menyu. Zipange wazi kwenye mstari mmoja:

Kiswahili | English | Français | العربية

Neno "Kiswahili" lina herufi tisa tu. Linakaa vizuri hata kwenye simu ndogo. Vifupisho kama SW na EN ni bora kuliko bendera, lakini mkulima wa Njombe au fundi cherehani wa Kasulu hana sababu ya kujua kwamba SW ni yeye. Ukilazimika kufupisha kwa sababu nafasi ni finyu mno, fupisha kwenye skrini ndogo peke yake, na jina kamili litokee mtu akigusa.

Lugha zikizidi nne au tano, tumia menyu inayofunguka. Juu yake weka jina la lugha iliyopo sasa pamoja na aikoni ndogo, ama dunia ama ile yenye herufi A na herufi ya Kichina, ambayo watu wengi wanaijua kutokana na programu za kutafsiri. Usitegemee neno "Lugha" peke yake. Mfaransa aliyejikuta kwenye ukurasa wa Kiswahili hajui "Lugha" ni nini, na huyo ndiye anayekihitaji kitufe kuliko wote.

Mahali pake ni juu, upande ambao mistari ya maandishi inaishia: kulia kwa Kiswahili, kushoto kwa Kiarabu. Kiweke pia chini kabisa ya ukurasa. Kwenye programu ya simu kiwepo katika skrini ya kwanza kabisa, kabla ya kujisajili, na tena ndani ya mipangilio. Nimeona programu zinazomtaka mtu ajaze jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho kwa Kiingereza ndipo apewe ruhusa ya kuchagua Kiswahili. Huko ni kumkosea heshima mtumiaji.

Kama kuna mtu anadhani wananchi wataona ugumu bila picha, mkumbushe menyu za kutuma pesa kwa simu. Zile za kupiga nyota, namba na reli haziwezi kuonyesha bendera hata zikitaka; zinaandika "1. Kiswahili 2. English" basi. Mashine za benki hufanya hivyo hivyo, na huduma za wateja kwa simu husema kwa sauti. Bibi na babu zetu wanachagua kila siku bila kuelekezwa.

Hatua ya 5: Iambie mashine lugha ya kila kipande

Kinachoonekana na macho ni nusu ya kazi. Juu kabisa ya kila ukurasa wa Kiswahili weka:

<html lang="sw">

Na kila kiungo cha kitufe chako kiwe hivi:

<a href="/fr/bei" hreflang="fr" lang="fr">Français</a>
<a href="/ar/bei" hreflang="ar" lang="ar" dir="rtl">العربية</a>

Faida yake kubwa ni kwa ndugu zetu wasioona. Kisoma skrini, yaani programu inayowasomea maandishi kwa sauti, hutazama alama hiyo ya lang ili kujua kitamke vipi. NVDA, kisoma skrini cha bure, inakuja na sauti ya Kiswahili; ukiacha lang="en" kwenye ukurasa wa Kiswahili, msikilizaji ataletewa maneno yaliyopindwa kwa matamshi ya Kiingereza mpaka asiyatambue. Bendera kwake ni mbaya zaidi. Emoji itasomwa kwa jina la nchi, na picha isiyo na maelezo itasomwa kwa jina la faili. Fikiria mtu anayetafuta Kiswahili halafu anasikia "bendera, Tanzania". Abonyeze? Itamletea lugha, au habari za utalii?

Kila lugha iwe na anwani yake, mfano /sw/ na /en/, na kitufe kimpeleke mtu kwenye ukurasa ule ule aliokuwa akiusoma. Kumrudisha mwanzo kila anapobadili lugha ni kumpotezea muda na bando.

Hatua ya 6: Kisia kwa adabu, kisha kumbuka

Kivinjari cha mgeni hutuma orodha ya lugha anazopendelea. Isome, na kama sw imo, mfungulie Kiswahili. Lakini usitumie mahali alipo kumlazimisha. Aliyeko Dar es Salaam anaweza kuwa mhandisi wa Kichina, na aliyeko Toronto anaweza kuwa shangazi yako.

Pia ujue kwamba watu wengi wa kwetu wanatumia simu zilizowekwa Kiingereza tangu dukani, na hawajazibadilisha. Kwa hiyo orodha ya kivinjari itakuambia Kiingereza wakati mwenye simu angefurahi kupata Kiswahili. Ndiyo maana nasisitiza kitufe kiwe wazi hata unapodhani umekisia vizuri. Akishachagua mara moja, hifadhi uchaguzi wake, na usimuulize tena kesho.

Hatua ya 7: Jaribu na watu wasiokijua kitufe chako

Watafute watu watano au sita. Asiwemo mbunifu mwenzako. Awepo mzee mmoja, awepo anayesoma kwa shida, awepo asiyejua Kiswahili kabisa. Kila mmoja mfungulie ukurasa katika lugha asiyoisoma, umwombe abadilishe, kisha unyamaze. Usielekeze kidole. Hesabu sekunde, angalia macho yake yanaanzia wapi.

Fanya hivyo kwa simu ya bei nafuu, mtandao ukiwa hafifu, na mara moja kwenye kompyuta ya Windows. Kagua kama herufi za Kiarabu na Kiamhari zinaonekana au zimegeuka visanduku. Punguza mwanga wa skrini kana kwamba uko juani. Maandishi meusi juu ya weupe hustahimili yote hayo, wakati kibendera cha Kenya katika ukubwa huo hubaki alama ya wekundu katikati, ngao na mikuki vimepotea.

Kwenye karatasi, beji na kaunta

Waongoza watalii wa Mji Mkongwe na wa Arusha wanapenda kubandika vibendera kifuani kuonyesha lugha wanazozijua. Najua sababu: mgeni huviona kwa mbali. Lakini mwongozaji anayevaa bendera ya Ujerumani anamkaribisha pia Mwaustria na Mswisi, na neno Deutsch lingewakaribisha wote watatu kwa mara moja. Beji nzuri ninazozipenda zina maneno makubwa, yanayosomeka kwa hatua tatu: Deutsch, Français, Italiano. Aliyesoma Kifaransa Goma na akawa mwongozaji Zanzibar hana haja ya kuvaa bendera ya Ufaransa ili kuuthibitisha ujuzi wake.

Kwenye vipeperushi vya hoteli na karatasi za maelekezo ya dawa au vifaa, kila sehemu ianze na jina la lugha yake kwa herufi nene pembeni mwa ukurasa, mahali kidole kinapopekua. Kumbuka vilevile kwamba Tanzania na Kenya kila moja ina sheria yake ya bendera na nembo za taifa. Kabla ya kuchapa bendera kwenye bidhaa ya biashara, uliza.

Mwenye mradi akikataa

Atakuwepo tu. Atasema bendera zinapendeza, na washindani wake wanazo. Usibishane kwa nadharia. Mwonyeshe jaribio la hatua ya 7: toleo lenye bendera na lenye majina, watu wale wale, mbele yake. Mwambie pia kwamba bendera hubadilika. Rwanda ilibadilisha yake 2001, Kongo 2006, Mauritania 2017. Malawi iliibadilisha 2010 ikairudisha ya zamani 2012. Kila badiliko ni faili za kutafuta na kubadilisha, ilhali neno Ikinyarwanda lilivuka mwaka 2001 bila kuguswa.

Akishikilia msimamo, kubali bendera kwa masharti: jina la lugha liandikwe kando yake kila mara; bendera isibonyezwe yenyewe bila jina; picha ifichwe kwa visoma skrini ili visome jina tu; na Kiarabu kisipewe bendera yoyote. Kwa Kiswahili, mimi huomba kiachwe bila bendera hata kama wenzake wote wamepewa. Nafasi ile tupu kando ya neno Kiswahili huzua swali, na swali hilo limenipa mara kadhaa nafasi ya kumsimulia mwenye mradi habari za mama wa Bukavu.

Ukishamaliza, pitia mahali ambapo bendera za zamani hujificha: sahihi za barua pepe, faili za PDF za kupakua, video za mafunzo, ukurasa wa kosa mtu anapopotea njia, na kurasa za mitandao ya kijamii. Kisha fungua folda ya picha za tovuti. Bendera zinazotumika kwenye orodha ya nchi zihamishie folda iitwayo "nchi", zilizobaki uzifute.